Mtutu wa Koplo Hemedi

Kivuko kilikuwa kimefika katikati ya Lualaba pale wapiga makasia walipoanza kumwimba Emile. Hawakumjua, naye hakuwajua. Walimwona tu kijana mwenye miwani, ameketi juu ya sanduku refu la mbao kama kuku juu ya mayai, wakatunga papo hapo. Karani analalia bunduki, waliimba, karani atatotoa bunduki ngapi?

"Mbili," Emile akajibu kwa Kiswahili chake cha Stanleyville. "Moja ya kwenu."

"Ee mama, anasikia!" akapiga kelele yule wa nyuma, akasahau kasia lake. "Karani, utusamehe. Tulizani weye ni mutu wa Kifaransa tu."

Tangu Kindu alikuwa amezungumza Kifaransa na meja, Lingala na dereva, na Kikusu cha kubabaisha na mama mmoja aliyewauzia ndizi kando ya reli. Kiswahili cha ng'ambo hii kilikuwa na ladha yake: maneno ya pwani yaliyotembea mbali mno, yakaoa huku, yakazaa watoto wasiofanana sana na babu zao. Kasongo hakuwa amefika kamwe. Aliuona ukingo ukisogea, michikichi, mashamba ya mpunga, kisha barabara nyekundu inayopanda kwenda mjini, na huko juu misikiti na kanisa vikitazamana kama majirani waliokwisha kugombana na kupatana.

Ndani ya sanduku mlikuwa na bunduki moja mpya ya kulengea mbali, yenye darubini, imetoka Ubelgiji mwaka ule wa 1951. Wakubwa wa jeshi huko Léopoldville walitaka jibu la swali moja: bunduki za walenga shabaha, zile zilizonunuliwa kabla ya vita, zibadilishwe au ziachwe? Meja alitumwa kujibu. Fundi wa silaha, Mbelgiji mwembamba ambaye vidole vyake havikupata kutakata mafuta, alitumwa kupima. Emile alitumwa kuwafanya wasikilizane na askari.

"Ni jambo rahisi," meja alimwambia lori lilipokuwa likipanda kutoka kivukoni. "Kama zimezeeka, nitaomba mpya. Kama zimeharibiwa, sitawapa vitu vipya watu wanaoharibu vya zamani. Hao watakwenda kulima."

Emile alilishika sanduku lisiruke. Kazi ya mkalimani ilikuwa imemzoesha kupitisha maneno ya watu bila kuyashika, na aliona fahari katika hilo.

Kambi haikuwa na nyumba ya karani mweusi. Wakampa chumba kwa Koplo Hemedi, mlenga shabaha wa kwanza wa kikosi, mwisho kabisa wa safu ya nyumba za askari. Hemedi alikuwa mtu wa Lusangi, upande wa Kabambare, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kutazama mbali hata anapozungumza na mtu aliye mbele yake. Mkewe Waridi alikuwa mzaliwa wa Kasongo, binti wa wakulima wa mpunga, mdogo wa umbo na mwepesi wa ulimi.

Kitu cha kwanza Emile alichokiona katika nyumba ile kilikuwa mng'ao. Sinia ya shaba ilimrudishia uso wake. Bilauri ya chai ilikuwa safi hata akajaribu kwa kidole kuona kama kioo kipo.

"Unashangaa?" Waridi akacheka. Alikuwa amechuchumaa uani, anachuja jivu la maganda ya ndizi kwa kitambaa chepesi, na kilichodondoka chini kilikuwa laini kama unga wa mtoto. "Kila mwanamuke wa kambi anakuja kuomba jivu yangu. Na ndimu, ni ya shaba. Na mafuta ya mawese, ni ya chuma. Hata bunduki ya Koplo, miye ndiye ninaisugua. Toka anioe."

"Bunduki? Ndani?"

"Ndani ya mutumbo kabisa! Nje kila mupumbavu anaweza."

Kisha akamweleza, na hapo hakucheka. Mwaka ule alioolewa, Jumamosi ya kwanza ya ukaguzi, luteni aliufungua mtutu wa Hemedi, akauelekeza juu, akachungulia. Alitaka kuliona jua ndani yake. Hakuliona vizuri. Hemedi akalazwa kifudifudi mbele ya kikosi na mbele ya bibi arusi wake ambaye hina ilikuwa bado miguuni, akapigwa kiboko. Waridi aliuosha mgongo ule kwa maji ya chumvi. Jumamosi iliyofuata, askari walipopewa bunduki zao asubuhi wazisafishe barazani, alimnyang'anya mumewe ufito na kitambaa, akatia jivu lake na mafuta, akasugua mpaka mikono ikamuuma. Luteni akachungulia, akaona jua. Akamwita luteni mwenzake naye aje aone.

"Toka siku ile," Waridi akasema, "hakuna mutu alimugusa mume yangu tena."

Jioni, kwa kumheshimu mgeni, Waridi alikamata jogoo. Emile alimwona akimpita mumewe aliyekuwa ameketi barazani bila kazi, akaenda kumwita jirani, fundi cherehani, aje kuchinja. Yule jirani akaja na kisu chake kwa hatua za mtu aliyeizoea kazi hiyo, akachinja, akanawa, akasalimu, akaondoka. Hemedi alikuwa anatazama mbali.

"Koplo, u mgonjwa?" Emile akauliza.

"Hapana. Ni mukono yangu," akasema Hemedi, na kuuinua wa kulia kama mtu anayeonyesha chombo kilichopasuka. "Katika hii nyumba hauaminiki."

Habari yote Emile aliipata kidogo kidogo, usiku ule na asubuhi yake, nusu kwa mume, nusu kwa mke, kila mmoja mwenzake akiwa hayupo.

Hemedi aliingia jeshini kwa sababu ya kanga, wale ndege wa porini. Alikuwa kijana wa kutega na kulenga kwa manati, na siku moja mkuu wa kijiji alipodaiwa vijana wa kwenda uaskari, alimtoa yeye, akisema huyu angalau mtapata faida naye. Huko mafunzoni walimpa bunduki, naye akapiga kila alichoonyeshwa. Wazungu wakampa ile yenye darubini. Aliipenda. Alikuwa na umri ambao kijana hupenda kitu kimoja kwa moyo wote, na kitu chake kilikuwa kile. Alipopelekwa Kasongo akampenda Waridi pia, akamwoa, wakapata binti, Mariamu, ambaye siku hizi alikaa kwa bibi yake huko Lusangi.

Waridi alikuwa na mdogo wake wa kiume, Heri, mtu wa mizaha, aliyemfuata shemeji yake kila mahali kama mkia. Kofia nyekundu ya kiaskari aliyovaa Hemedi, Heri naye akaitaka. Akaandikwa katika kikosi kilekile. Vita vilipokuja wakapelekwa wote, mto, reli, malori na miguu, mpaka milima ya Abesinia, mahali ambapo asubuhi mtu wa Maniema hutoa moshi mdomoni na kudhani anaungua ndani. Waridi aliwasindikiza mpaka kivukoni. Alimshika Hemedi mkono wa kulia mbele ya watu wote, akasema: "Mutoto ya mama yangu iko mu hii mukono."

Kwenye kilima kimoja ambacho Hemedi hakupata kulijua jina lake, Waitaliano walikuwa na bunduki ya mashine katikati ya mawe. Upande wa chini wenzao walikuwa wamekatiwa maji. Heri akajitolea kupeleka viriba. Mpango ulikuwa mwepesi: Heri akimbie, na kila mara yule Mwitaliano akiinua kichwa, Hemedi amlaze. Kichwa kikainuka. Hemedi alikiona ndani ya darubini waziwazi, ndevu na yote, karibu kama mtu wa meza moja. Akapiga. Jiwe la kando likatoa vumbi. Akapiga tena, na tena vumbi. Heri alikuwa anakimbia akitazama juu kwa shemeji yake, anacheka, anamtania kwa mkono wenye kiriba: vipi wee? Akaanguka akiwa hivyo.

Hemedi aliporudi Kasongo hakumficha mkewe neno. "Nilimulenga, nikamukosa," alisema.

Waridi aliuliza kitu kimoja: "Mukono?"

"Labda mukono."

Basi. Hakumfukuza, hakumnyima chakula, hakuwahi kumpigia kelele mbele ya watu. Lakini tokea hapo jina lake ndani ya nyumba likawa Koplo, na mkono ule haukuchinja tena kuku wa nyumba ile. Kila sikukuu, kila mgeni, fundi cherehani alikatiza mshono wake. Kambi nzima ilijua sababu. Na kila Jumamosi ya ukaguzi, kwa kuwa Waridi hakuwa mtu wa kuacha mgongo wa mumewe upigwe hata kama moyo wake umekunjamana, alichuja jivu lake, akausugua mtutu.

Siku ya pili meja aliamuru walenga shabaha wapige. Shabaha za kambi zilikuwa karibu, kwenye kichuguu kilicholiwa na risasi za miaka. Meja alitaka mbali. Akazipeleka ng'ambo ya bonde la mpunga, vipande vyeupe vya mbao vilivyoonekana kama meno.

Wanawake walikuja kutazama kutoka nyuma ya kamba, wamebeba watoto na maneno.

"Pacifique, usipige ng'ombe wa padri!" akapaza sauti Albertine, mke wa sajini.

"Akipiga utampika weye," akajibu Pacifique, mlenga shabaha kijana, akilala chini. Akapiga mara kadhaa, akagonga ubao mara moja. Vigelegele.

Akaja Hemedi. Alilala polepole, akapangusa darubini kwa ncha ya shati, akatulia mpaka watu wote wakatulia naye. Risasi ya kwanza ikarusha matope upande wa kulia. Alisogeza shabaha yake kushoto, kama alivyokwisha kujizoesha miaka yote kwenye kichuguu cha karibu, akidhani anaudanganya mkono wake. Risasi ya pili ikaenda juu. Ya tatu haikuonekana ilikokwenda. Risasi hazikuwa na desturi moja hata azifuate.

"Kanga wa Lusangi wanakucheka, Koplo!" akasema mwanamke mmoja, na wengine wakacheka, kisha wakaacha kwa sababu Waridi alikuwa hapo, ameshika ukingo wa kanga yake mdomoni.

Baada ya hapo fundi wa silaha akaichukua bunduki mpaka ghalani, Emile na Hemedi wakimfuata. Meja alibaki nje na Pacifique, akimwonyesha ile mpya.

Fundi alikuwa na kijiti cha chuma kilichochongwa kwa kipimo. Akakitia kwanza kwenye mdomo wa bunduki nyingine mpya aliyokuwa nayo ghalani, ya kawaida ya askari, kikasimama mdomoni, hakikuingia. Akakitia kwenye mtutu wa Hemedi. Kikazama kama mwiko ndani ya uji.

Fundi akakitoa, akakitazama, akakitia tena. Akainua mtutu, akachungulia kwenye mwanga wa mlango. Ndani kulikuwa kunang'aa hata akafumba jicho. Ile mifereji iliyochongwa ndani ya chuma ili kuizungusha risasi iende sawa, haikuwapo. Palikuwa laini kama bilauri.

"Muulize anaisafisha kwa kitu gani," akasema fundi.

"Jivu," akasema Hemedi, na kwa kiburi kidogo akaongeza: "Na mafuta ya mawese. Jivu nzuri, imechujwa."

Emile akatafsiri. Fundi akakaa juu ya sanduku. Hakukasirika, alionekana kama mganga aliyeletewa mtoto baada ya wakati. "Jivu na mafuta," akasema. "Hiyo ni tupa. Wameukwangua ndani kila juma kwa tupa. Muulize tangu lini."

"Toka mwaka niliooa."

"Na alioa lini?"

"Kabla ya vita. Mutoto yetu alikuwa anaanza kwenda shamba na mama yake vita ilipokuja."

Fundi akatikisa kichwa. "Basi bunduki hii ilikwenda vitani maiti. Mwambie. Hata malaika angelala nayo chini asingepiga kitu."

Emile aliyasikia maneno hayo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuyapitisha tu. Aliyabeba kwa mikono miwili kama zawadi. "Koplo! Anasema haikuwa mkono wako. Kule Abesinia. Bunduki ilikuwa imekwisha kufa kabla hujatoka hapa. Mkono wako ulikuwa mzima, Koplo, unasikia? Ulikuwa mzima!"

Hemedi alishika ukingo wa meza. Kitu kilianza usoni mwake, kitu kilichompunguzia umri. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza upande wa kiganja, akaukunja, akaukunjua. Midomo ilikuwa inaelekea kucheka. Kisha Emile akauona uso ule ukisimama. Hemedi alikuwa anatazama kitambaa kilichokuwa mezani, kile kitambaa cha kusafishia, chenye alama ya kijivujivu ya jivu la nyumbani kwake.

"Nani mwingine amesikia hii neno?" akauliza kwa sauti ya chini.

Hapo meja akaingia. Fundi akamweleza kwa Kifaransa, kwa maneno machache: zote za kambi ziko hivi, hii imezidi tu, ni jivu la kusugulia.

"Nilijua," akasema meja. "Zimeharibiwa. Jumamosi nitasoma amri mbele ya kikosi na wake zao wote, waelewe walichokifanya. Nani aliyeianza kazi hii ya jivu?"

Emile akatafsiri, safari hii bila haraka.

"Ni miye," akasema Hemedi. "Miye peke yangu. Wengine waliniiga."

"Basi amejisainia hukumu mwenyewe," akasema meja.

Hemedi akaomba ruhusa aseme. Alisimama wima, lakini hakumtazama meja. Alimtazama Emile, kama mtu anayehakikisha kwamba daraja litambeba. "Mwambie meja hivi. Kila Jumamosi luteni alitaka jua ndani ya mutumbo ya bunduki. Mutu hana jua, analala chini, anakula kiboko. Mugongo yangu iko hapa, kama anataka kuona. Akiandika tumeharibu, kule Léopoldville watauliza ni nani alikuwa anachungulia kila Jumamosi na kusema vizuri sana. Sitaki meja apate matata. Aandike bunduki zimezeeka. Ni kweli, zimezeeka. Na miye aandike nimezeeka, macho na mukono. Batu wameona leo, hakuna atauliza. Niende kwetu. Mupya apewe Pacifique. Lakini hii neno ya jivu isisomwe paradeni. Isisemwe kwa mutu. Bunduki mupya zitakuja na mafuta yake na burashi yake, waambiwe tu ni hiyo, basi, jivu itajisahau yenyewe."

Emile aliyasema yote. Meja alitembea mpaka mlangoni, akarudi. Naye alikuwa luteni zamani, kambi nyingine, Jumamosi nyingine. Ilionekana katika namna alivyoukwepa mtutu ule uliolala mezani.

"Anataka nini kwa ajili yake mwenyewe?"

"Lori," akasema Hemedi. "Mpaka Lusangi."

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, Emile alimshika koplo mkono wa shati, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu aliyemzidi umri. "Koplo, kwa nini? Miaka yote hiyo umekaa barazani kama mgeni kwako. Sasa una shahidi. Mzungu mwenyewe amepima. Mwambie mama!"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mkono wako ulikuwa mzima."

"Haya. Nimemwambia. Waridi hapana mupumbavu, Karani. Ataniuliza: sasa ni nini ilimuua Heri?" Alimtazama Emile kana kwamba angeweza kuwa na jibu katika lugha mojawapo. "Yule mwanamuke alisugua kwa sababu ya mugongo yangu. Miye nimezoea kubeba hii. Iko na mahali yake tayari, hapa. Yeye akipewa leo, ataiweka wapi?"

Emile aliuachia mkono wa shati.

"Na weye," akasema Hemedi, "weye ni mukalimani. Hii moja usiikalimani."

Siku chache baadaye meja na fundi waliondoka kurudi kivukoni na jibu lao kwa wakubwa: zimezeeka, zibadilishwe. Emile aliachwa Kasongo kuzingoja bunduki mpya na kuwafundisha askari, kwa maneno ya fundi, namna ya kuzitunza. Lori la kwenda Kabambare lilikuwa la mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa, nalo lilisimama nje ya kambi asubuhi, injini ikikohoa.

Vyombo vya Waridi vilikuwa vimefungwa tangu alfajiri: sinia, mikeka, sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Kuku wote alikuwa amewagawa isipokuwa jogoo mmoja, chakula cha njiani. Aliletwa amefungwa miguu. Fundi cherehani, aliyekuja kuaga, alimwona jogoo, akapapasa mfukoni kutafuta kisu.

"Acha, jirani," akasema Waridi.

Aliingia ndani, akatoka na kisu cha nyumba. Akasimama mbele ya mumewe. Hemedi alikuwa amevaa shati la kiraia lililomkaa vibaya, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umesahau nguo zisizo za jeshi.

"Shika," akasema. "Chinja weye."

Hemedi hakushika.

"Baba Mariamu, nimesema shika. Niliona siku ile kule bondeni. Niliona namna ulilala chini, ukatulia vile, ukapiga, na hakuna ilikwenda. Nikasema moyoni: huyu mutu amejaribu. Kumbe hata siku ile ya Heri alijaribu hivi hivi. Mukono ikikataa, mutu atafanya nini? Miye nimekuwa mubaya kwako, siku mingi. Imekwisha. Nimekusamehe. Shika kisu, lori iko inangoja."

Emile, aliyekuwa anafunga kamba ya mkeka, aliinama zaidi juu ya fundo.

Hemedi akapokea kisu. Akamgeuza jogoo kuelekea kibla, akamkanyaga mbawa taratibu, akataja jina la Mungu. Mkono ulikwenda mara moja, sawasawa, bila kusita, mkono wa mtu ambaye angeweza kumkata nzi kucha. Damu ikaanguka mahali pamoja.

Waridi aliutazama ule mkono. "Leo hautetemeki," akasema.

"Ni kweli," akasema Hemedi. "Leo hautetemeki. Asante, mama."

Akanawa, na Waridi ndiye aliyemmiminia maji.

Wakapanda juu ya magunia ya chumvi. Waridi alikuwa amekwisha kukaa alipokumbuka kitu. Akapekua kikapu, akainama na kumpa Emile kopo la bati lenye kifuniko. "Jivu ya mwisho nilichuja. Kwa bilauri yako, mutoto yangu. Maana ukiachiwa peke yako utakunywa chai mu matope. Na kama wanawake ya askari wanaomba, uwape kidogo kidogo, wafanye bunduki ya mabwana zao. Luteni mupya atataka kuona jua, hawa wote ni wamoja."

"Asante, mama."

Hemedi aliketi karibu na mkewe, mkono wa kulia umelala juu ya goti kama kitu alichorudishiwa na mtu asiyekuwa nacho. Alimtazama Emile, safari hii si mbali, usoni kabisa. Lori likanguruma, likateremka kuelekea barabara ya Kabambare, na Waridi akaonekana akimwekea mumewe ncha ya kanga kichwani kwa ajili ya vumbi, naye akiinamisha kichwa ili afikie.

Emile alisimama mpaka vumbi likatua juu ya majani. Nyuma yake akasikia kandambili.

"Karani," akasema Albertine, mke wa sajini, na bakuli tupu mkononi. "Waridi hakuacha ile jivu yake? Kesho ni Jumamosi."

Kopo lilikuwa kwapani mwake, chini ya koti.

"Hapana, mama," akasema Emile. "Amekwenda nayo."

Alizunguka nyuma ya nyumba tupu, mahali pale Waridi alipozoea kuchuchumaa, akafungua kifuniko. Lilikuwa laini, la rangi ya njiwa. Akalimimina kwenye mfereji wa maji machafu, akalisukuma kwa kiatu, na jingine likampanda suruali, likakataa kupanguswa.